Aliyeitikia Bwawani

Haya niliyapata kwa mwenyewe, msusi ambaye chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja. Si mtu wa maneno mengi, wala si mtu wa kuzua.

Jumapili hiyo dada yake alimpitia asubuhi, kapu mkononi, uso mkunjufu kama mtu aliyetua mzigo. Msusi alifurahi kupita kiasi. Tangu shemeji yake, mlinzi wa bwawa la zamani, apotee kazini bila kuacha hata kofia, dada mtu alikuwa amekonda, hasemi, hacheki. Leo anataka matembezi!

"Twende bwawani," dada alisema. "Nimechoka kulia ndani."

"Kulekule, dada?"

"Kulekule. Nikishtukia kila ung'ongo nitaishi vipi? Tangu siku ile sijakanyaga pale."

Msusi hakubisha. Mama yao alifariki yeye akiwa hata nywele hajajua kuchana, na dada huyu ndiye aliyemlea, akamlisha, akamfunza kazi. Angemwambia waende mwezini, angeuliza tu avae viatu gani.

Bustani ya bwawa ilikuwa imechangamka. Maharusi walipigwa picha chini ya miti mirefu iliyopandwa na wajenzi wa enzi zile. Watoto waligombea bembea. Juu yao wote ulisimama ukuta wa bwawa, mawe ya kuchongwa, meusi kwa uzee. Nyuma yake maji, mbele yake nyasi na watu wanaocheka.

Mtunza bustani, mzee mwenye reki begani, aliwapungia mkono.

"Karibu tena, binti yangu," alimwambia dada mtu. "Wewe na ukuta huu! Jana hapa, juzi hapa."

Msusi akamgeukia dada yake.

"Amenifananisha," dada alisema, na akaongeza mwendo.

Chini kabisa ya ukuta palikuwa na mlango wa chuma. Dada alitoa ufunguo kifuani. Ulikuwa wa mumewe, ule wa akiba aliokuwa akiuweka nyumbani.

"Humu ndimo alimokuwa akiingia kukagua mivujo. Kuna ujia ndani ya ukuta. Njoo uone alikofanyia kazi."

Msusi alichungulia. Ujia mwembamba, mawe yanayotoa jasho, giza lisilo na mwisho. Baridi ilimpiga usoni kama pumzi ya mtu.

"Tangulia," dada alisema.

Akatangulia. Mkono ukamgusa mgongoni, kwa upole. Kisha ukamsukuma.

Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka.

"Dada! Utani gani huu?"

Halafu mnong'ono ukapita kwenye tundu la kitasa.

"Nisamehe, mdogo wangu. Yumo humo. Kila siku ananisemesha kupitia mawe. Amesema mtu wa damu yangu akimwitikia, yeye atatoka. Atakuita. Wewe itikia tu."

"Itikia wewe!"

"Mimi naogopa," dada alisema.

Msusi aliniambia kwamba giza halikumuumiza. Kufungiwa hakukumuumiza. Kilichomkata maini ni neno lile dogo. Anaogopa. Kwa hiyo alijua alichompeleka mdogo wake kukutana nacho.

Ndipo jiwe likagongwa.

Ko. Ko.

Liligongwa kutoka upande wa maji. Upande ambao hakuna pa kusimama.

"Shemeji," sauti ikaita. Ilikuwa yake kabisa, ile ya mlinzi, yenye mzaha kidogo. "Shemeji yangu wa nguvu, mbona hunisalimii?"

Ulimi wa msusi ulikuwa tayari umenyanyuka, unataka kutamka. Lakini katika machache aliyoyakumbuka ya marehemu mama yake, hili alilishika: ukiitwa na usiyemwona, meza mate. Akameza. Akauchomeka upindo wa mtandio kinywani, akaung'ata.

"Shemeji."

Sauti ilikuwa karibu zaidi.

"Shemeji."

Ilikuwa kwenye sikio lake. Alijishika ukutani asianguke, na ukuta ulikuwa laini. Ulituna chini ya kiganja chake, ukanywea. Ukatuna tena. Kama mbavu.

Hakuitika. Sauti ikanyamaza.

Kisha ikaanza upya, na safari hii haikuwa ya shemeji.

"Dada! Nakufa, dada! Nifungulie!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kile kilio cha utotoni alipoota ndoto mbaya, kikikatika palepale kilipozoea kukatikia. Mtandio ulikuwa bado kati ya meno yake. Midomo imefumba. Na alikuwa akijisikia analia ndani ya jiwe.

Nje, viatu vilikimbia.

Msusi akautema mtandio. "Si mimi! Dada, usi—"

"Abee!" dada aliitika. "Abee, mdogo wangu, nakuja!"

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka.

Mwanga uliingia. Watoto walisikika wakigombea bembea. Mlangoni hapakuwa na mtu. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kitasani, bado unachezacheza.

Mtunza bustani alikuwa amesimama hatua chache tu, reki imemdondoka. "Nilikuwa namwangalia," alirudia kuwaambia askari. "Alishika kitasa, akaitika. Sikupepesa jicho."

Wapiga mbizi walizama, wakaibuka mikono mitupu. Ujia ulikaguliwa hadi mwisho wake: mawe matupu, magumu. Mlinzi naye hakutoka, si siku ile wala baadaye.

Niliwahi kumuuliza kama amemsamehe dada yake.

"Alinitupa," alisema, "kisha nikalia, akaniitikia. Nishike lipi?"

Mvua zilipokatika, mtunza bustani alimwita. Ukuta ulikuwa umeanza kuvuja mahali pamoja, juu ya ule mlango. Mafundi waliziba kwa saruji, na saruji ilibanduka. Mzee alimwonyesha mchirizi mwembamba ukishuka juu ya mawe, mchana kweupe.

Msusi aliugusa. Ulikuwa na uvuguvugu.

Akaonja kidole. Maji ya bwawa lile ni matamu, mji mzima unayanywa.

Yale yalikuwa na chumvi.