Masikio ya Kiptum

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya majani ya chai Sagini alipofika Kimulot, akiwa amebeba betri kwenye mfuko wa sukari. Alikuwa amekuja kujaribu mashine ya kunasia sauti ya marehemu.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Sagini alikuwa nayo, tena aliijua kwa jina. Kiptum.

Wote wawili walikuwa watu wa kunasa sauti. Kwaya zikiwa na tamasha, wao hutega maiki, hunasa nyimbo, kisha kanda huuzwa sokoni na makanisani. Kanda za Sagini zilisikika kama watu wanaoimbia ndani ya pipa. Za Kiptum zilikuwa na kila mwimbaji mahali pake. Ukifumba macho, ungeweza kumwonyesha kwa kidole mama aliyechelewa kuingia kwenye kiitikio. Nimonia ilipomuua Kiptum, walipiga kanda zake kando ya kaburi, na watu wakalia. Sagini pia alilia, ila yeye alilia kwa wivu. Maiti ilikuwa inamshinda kazi.

Sasa tamasha la kwaya lilikuwa Jumapili, na kazi amepewa yeye. Janeffer, mwalimu wa kwaya aliyempa, hakumung'unya maneno. "Tumekupea juu Kiptum hayuko. Ukituharibia, hatukuiti tena."

Asubuhi ile alikuwa amepita kwa Gekara, mwenye duka la redio mjini Kericho. Gekara alimtolea mashine mpya inayong'aa, nyepesi, ya chaneli nne. Kipya kinyemi. Lakini Sagini aliigeuza chini juu, akauliza swali moja.

"Inanasa zote nne kwa mara moja?"

"Mbili mbili. Unanasa mbili, halafu unarudia na zile zingine."

"Gekara, hii ni tamasha. Kwaya haiimbi mara ya pili ndio mimi nipate bass."

Gekara alikuna kidevu. "Basi ni ile ya Kiptum tu. Ile inakamata nne pamoja. Inakula kanda kama moto, lakini inakamata." Akashusha sauti. "Mimi singeichukua."

"Kwa nini?"

"Singeichukua tu."

Sagini alicheka moyoni. Hata Gekara anamwonea kijicho, alifikiri. Mwenye wivu huona wivu kila mahali.

Kipyegon, mdogo wake Kiptum, alimpokea mlangoni. Alimketisha sebuleni, akamwekea mashine mezani pamoja na maiki zake nne. Nyuma ya ukuta wa mbao zilisikika sauti za wanawake, chini chini.

"Mke wa marehemu amejifungua leo," Kipyegon alisema. "Akina mama wako na shughuli ya mtoto. Wewe jaribu tu, lakini kaa kimya. Mimi naenda kukamua."

Akaenda. Mlango ukajifunga.

Sagini alitia betri. Akachomeka maiki, akavaa hedifoni. Sponji yake ilinuka ugoro. Alishangaa kidogo, maana Kiptum alikuwa mtu wa kanisa na hakuwahi kugusa tumbaku. Kisha akapandisha sauti... na akasahau harufu.

Mungu wangu.

Chaneli ya kwanza ilileta mvua ikigusa mabati, tone moja moja. Ya pili ilileta wanawake nyuma ya ukuta, na aliweza kuwahesabu kwa pumzi. Ya tatu ilileta mtoto akinyonya kidole. Hivi ndivyo Kiptum alivyosikia! Miaka yote ile, yule mtu alikuwa akitembea na dunia nzima masikioni, na mimi nikitembea na pipa. Sagini aliuma midomo. Alitaka masikio yale kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Akapandisha chaneli ya nne.

Pumzi. Ya mwanamume. Karibu sana na maiki.

Alitazama maiki ya nne. Ilikuwa mezani, mbele yake, na hapakuwa na mtu.

Nyuma ya ukuta, mwanamke mzee alianza kuita majina. Lilikuja moja, kisha kimya. Likaja lingine, kisha kimya. Sagini alikuwa ameishi na Wakipsigis muda wa kutosha kujua kinachofanyika. Mtoto akizaliwa, akina mama huwaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya kwenye jina, basi yule aliyeitwa amekubali kurudi. Wakati mwingine humtekenya pua kwa ugoro kidogo.

Yule mama mzee aliita babu. Mtoto kimya.

Akaita baba wa babu. Kimya.

Kisha sauti yake ikakatika. Wanawake wengine walinong'ona, kana kwamba wanamzuia. Huyu aliyekufa juzi bado hajatulia, usimwite. Lakini yule alikuwa mama mtu, na uchungu wa mwana haujui zamu.

"Kiptum..."

Kwenye chaneli ya nne, pumzi ilisimama.

"Kiptum..."

Harufu ya ugoro ilimpanda Sagini puani ghafla, kali, hadi machozi yakamtoka. Alibana pua. Alibana mdomo.

Akapiga chafya.

Nyumba nzima ilinyamaza. Hata mvua. Kisha vigelegele vikalipuka chumbani, vikakatika katikati. Pazia likafunguka. Mama yake Kiptum, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, alisimama akimtazama.

"Mgeni," alisema polepole. "Chafya ile ilikuwa ya mtoto, ama yako?"

Sagini alivua hedifoni upande mmoja tu.

"Kama ni wewe, sema. Hakuna ubaya. Nitamwita tena, atoke kwako aingie kwa mtoto."

Atoke kwako. Sagini alilisikia neno hilo vizuri. Sikio lake lisilo na hedifoni lilikuwa likisikia kila tone la mvua. Lilisikia ng'ombe akikamuliwa kule bomani. Lilisikia mate yakimshuka Kogo kooni. Na alitakiwa ayarudishe haya yote, kwa mtoto wa saa chache ambaye hata hajui kanda ni nini?

"Ni mtoto," alisema.

Kogo alimtazama kidogo, kisha akarudi ndani. Mtoto akapewa jina la Kiptum, na Sagini akaondoka na mashine.

Jumapili, mikono ya Sagini ilijua yenyewe pa kutega maiki. Aliweka moja chini kabisa, mbele ya soprano, mahali ambapo hajawahi kuweka. Nyingine aliifunga kwenye nguzo. Janeffer aliposikiliza kanda alikaa chini, leso usoni.

"Sagini! Hii ni Kiptum kabisa."

Sifa ile ilimchoma. Ni yangu, alitaka kusema. Ni mimi niliyetega. Sokoni ilikuwa vilevile: kila mnunuzi aliomba "kanda ya mkono wa Kiptum". Sasa aliwashinda wote isipokuwa yule yule mmoja, na safari hii hakujua hata pa kumtafuta amchukie.

Nyumbani alipiga kanda kwa ajili ya mkewe, Mongina. Kabla ya kila wimbo, Sagini alikuwa amehesabu kwenye maiki: moja, mbili, tatu. Alikumbuka vizuri.

Kwenye kanda sauti nzito ilisema: "Akenge... aeng'... somok..."

"Nani huyo anahesabu Kikipsigis?" Mongina aliuliza.

Sagini aliizima.

Akamwendea Kipyegon kuuliza habari za ule ugoro. Kipyegon alicheka. Alisema Kogo, mnusaji mkubwa, alikuwa akivaa hedifoni kila jioni kusikiliza nyimbo za mwanawe. Ni hilo tu. Sagini aliitikia kwa kichwa, akaondoka akiwa ametulia kidogo. Habari ya pumzi hakuiuliza.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini wakati Kogo na Chemutai, mjane wa Kiptum, walipokuja kwake jioni moja. Chemutai alikuwa amembeba mtoto. Sagini alikuwa amewasikia tangu wakiwa kule ng'ambo ya mto.

"Baba Nyambeki," Chemutai alisema, akimwita Sagini kwa jina la bintiye, "huyu mtoto hashtuki. Sufuria ikianguka, hashtuki. Mbwa akibweka hapa hapa, yeye ananiangalia tu mdomo."

Kogo aliketi. Alikuwa amezeeka zaidi. "Jina inamkaa kama koti ya mtu mwingine," alisema. "Nakuuliza mara ya mwisho, mwanangu. Chafya ilikuwa ya nani?"

Sagini alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama mdomo. Moyo wake mdogo ulisikika wazi, ukidunda haraka haraka, na Sagini aliona huruma, kweli aliona. Aseme neno moja tu. Lakini tamasha la Longisa lilikuwa wiki inayofuata... Akakumbuka pipa. Akakumbuka vicheko vya watu. Wivu ukampanda hadi kooni, wivu wa kumwonea mtoto mchanga, asiye na hata meno.

"Ni mtoto," alisema.

Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Kogo alifumba macho, kichwa upande, kama anavyosikiliza kanda za mwanawe. Machozi yalimtiririka, na alikuwa anatabasamu. Chemutai hakupiga kelele. Alisimama, akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza mapajani mwa Sagini taratibu.

"Kama umerudi," alinong'ona, "basi mshike mtoto wako."

Sagini alitaka kumsukuma. Mikono yake ilimkumbatia mtoto, ikamfunika shali, ikaanza kumbembeleza.

Mongina alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai. Aliwatazama wote wanne. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kujibiwa:

"Na Baba Nyambeki ako wapi?"