Mwami Aliyelazwa Mahali Pabaya

Jua likizama, Jokébed alitoka nyumbani Vulamba, mjini Butembo, kwenda kuotesha mti kwenye kaburi la baba yake. Marehemu alikuwa mwami, yaani chifu wa jadi, na mwami wa kwao huzikwa kwenye kilima cha mababu: mlima mgongoni, vilima viwili kando kama mikono, na mto mbele unaopita polepole. Lakini ulikuwa mwaka 2001, na waasi walikuwa wamepiga kambi huko. Basi walimzika kwenye mteremko nyuma ya kanisa, maji ya mvua yakimpitia miguuni.

Esdras, baba yake mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachagulia wami mahali pa kulala, alilia siku hiyo. "Pale hatalala."

Jokébed akaanza kuchimba.

Ikaja harufu ya tumbako ya kiko, ile ya baba yake.

Hapakuwa na mtu. Chini ya udongo kitu kikajikokota... taratibu... kama mtu mzito anayegeuka kitandani.

"Papa?"

"Maji inanivuta," sauti ikasema karibu na magoti yake.

Alikimbia mpaka kwa Esdras, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mzee hakumcheka. Alfajiri wakafukua, pamoja na Kasonia, mchimba makaburi.

Mkeka ulikuwa bado umefungwa kamba. Walipoufungua, mwami alikuwa amelala kifudifudi. Nyayo zake zilijaa udongo mwekundu.

"Udongo hii haiko huku," Kasonia akanong'ona. "Ni ya kule kilima."

Mara mama mmoja akapita na mzigo wa kuni. "Munajua? Basoda ba baasi bamekimbia kilima usiku. Baliacha hata sufuria ku moto! Banasema muzee moja alikuwa anatembea kati yabo, anauliza nani analalia kitanda yake."

Wakambeba mwami hadi kilimani.

Pale alipostahili kulala, shimo lilikuwa tayari.

Kando yake, la pili.

"Ni handaki ya basoda," Kasonia akasema. Esdras akapima yote mawili kwa fimbo: yalilingana.

Walimzika mwami. La pili wakalifukia, wakalikanyaga hadi likawa gumu.

Jumapili walipopanda kusali, lilikuwa wazi tena.

Jokébed akamshika mzee mkono. "Baba mudogo, ni nani alichagua hii shimo ya pili?"

Esdras akatazama mlima, vilima viwili, mto.

"Fasi ya kulala ni nzuri sana," akasema. "Lakini hapana mimi nilichagua."