Bila Shikamoo

Walikutana kwa kugongana, adhuhuri, kwenye ngazi za ukumbi wa jiji, watu wamejaa kama siafu. Yeye karani wa ndoa, gauni la buluu, kikombe mkononi. Kijana ni mpandisha bendera wa uwanja wa bunge, sare nyeupe pe. Chai yote ikaishia kifuani kwa kijana.

"Umeimwagia serikali chai, dada."

"Serikali ipishe njia, basi!"

Wakacheka, na kicheko kikazaa mapenzi.

Karani aliyeozesha watu kila siku akaanza kuitamani siku yake. Lakini bila ndiyo ya shangazi aliyemlea, hakuna ndoa. Jioni moja akampeleka uwanjani akamwone mchumba. Bendera ilikuwa imeshushwa. Kijana akaja nayo, imekunjwa, ameikumbatia. Akawapita karibu kabisa. Hakugeuka, hakutoa shikamoo.

"Ndiye huyo?" shangazi akauliza. "Mimi si gogo. Twende zetu."

Simu ikalia njia nzima, karani hakupokea. Lakini kesho yake kazini akamwandika bwana harusi mahali pa shahidi. Hakai, hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jioni miguu ikamrudisha uwanjani mwenyewe. Kijana alipokuja na bendera, akaandamana naye ubavuni.

"Jana hukumwona shangazi?"

Kimya.

"Au unanionea haya?"

Jasho likamchuruzika kijana shavuni.

"Wanitaka, hunitaka? Usiponijibu, Mungu shahidi, hunioni tena!"

Midomo ikamtetemeka, miguu ikaendelea na mwendo uleule, hadi mlango wa walinzi ukafungwa mbele ya uso wa karani. Akageuka aende zake, macho yamejaa machozi.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Kijana mbio, mikono mitupu, kofia upande, uwanja mzima ukimsikia:

"Nilimwona! Nakutaka! Bendera ikiwa mikononi haturuhusiwi kusema na mtu mpaka iingie sandukuni, hata mama mzazi!"

"Si ungeniambia, wewe?"

"Nimepiga simu mpaka imechoka!"

Karani akabonyeza namba ya shangazi, akampa simu. "Mwenyewe huyo."

Kijana akasimama wima. "Shikamoo, shangazi. Ya leo... na ya jana. Tukibeba bendera haturuhusiwi kusema na mtu."

Karani akauma kidole.

"Marahaba," ikaja sauti. "Mwanamume anayejua kufunga mdomo ni adimu. Njoo nyumbani useme unachotaka. Lakini hiyo bendera uiache hukohuko."