Chupa Isiyogawanyika

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mhudumu wa maabara alifungua chupa ya maji ya kisima cha shule akasikia harufu ya dawa inayotiwa maji ya bomba. Kisima hicho hakikuwahi kutiwa dawa. Jana chupa hiyohiyo ilitoa majibu safi, na wanafunzi tisa walikuwa wamelazwa kwa kuhara.

Saa nne mpelelezi wa polisi alimkuta mhudumu akilia. Mkuu wa maabara alikuwa ameshamwandikia barua ya kumfukuza kazi.

“Lebo anabandika yeye,” alisema mkuu. “Unamtafuta nani tena?”

Mpelelezi aliketi na chupa ishirini na daftari la mkuu, ambamo kila bunda la lebo liliandikwa namba ya kwanza na ya mwisho tu. Namba ya chupa ya kisima, 52593614, iliangukia kati ya namba hizo mbili. Basi kosa liko wapi? Alijumlisha tarakimu, akazitoa, akafuta. Kufikia saa sita alijua kwamba namba kumi na tisa zinagawanyika kwa kumi na moja bila baki. Ya kisima ilibakiza saba.

“Labda mashine ya kuchapa lebo ilikosea,” alijiambia. Au msafirishaji wa chupa? Au huyu binti mhudumu, na machozi yake?

Akawaita mkuu, mhudumu na msafirishaji, akawapa karatasi.

“Lebo hii ni 52593607. Inayoifuata kwenye bunda ni ipi?”

Msafirishaji alicheka. “Afande, hesabu mimi zilinishinda darasa la nne! Ila kila asubuhi namsomea dada huyu hizi namba. Inaishia na kumi na nane.”

Mhudumu alikuwa ameshaandika: 52593618.

Mkuu aliandika 52593608.

“Mkuu,” msafirishaji alishangaa, “zinaruka kumi na moja! Miaka yote hii hukujua?”

“Zimepangwa hivyo makusudi,” mpelelezi alisema taratibu. “Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili jirani zisizofanana, namba haigawanyiki tena kwa kumi na moja, kosa linaonekana. Anayeshika lebo kila siku asingebuni namba inayoishia na kumi na nne. Angebuni anayeona daftari tu.”

Mkuu aliikunja karatasi yake.

“Lebo ya kweli ilichanika nilipoibandua, nikachapa nyingine nikaibandika kwenye chupa ya maji ya bomba,” alisema. “Kisima ni cha shemeji yangu, anaiuzia shule maji. Kikifungwa, mradi wake umekufa. Dada yangu alinipigia akinisihi. Nilidhani namba yoyote ya katikati ingepita.”

“Chupa yenyewe?”

Alivuta droo, akatoa chupa ya kisima. Maji yalikuwa na ukungu wa kijani. “Sikuweza kuyamwaga. Sijui kwa nini.”

Mhudumu aliichukua chupa, akafuta machozi kwa mkono wa koti, akachomoa lebo mpya kwenye bunda.

“Afande, pigia shule simu,” alisema. “Wasinywe. Mimi naanza kupima.”