Michoro Mia Tatu ya Nasrine

Nasrine ana karakana ya kudarizi katika mtaa wa Majengo, mjini Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo. Anadarizi kofia, kanzu na mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kufunga begani, ya maharusi. Kwanza anachora maua kwenye kompyuta, kisha anaupeleka mchoro kwenye cherehani kubwa, na cherehani inashona. Majirani wanamwita Mama Igihozo, kwa jina la binti yake anayefundisha kompyuta katika shule moja huko Nyagatare, mwisho kabisa wa nchi.

Kitu kimoja Nasrine hakipendi: vumbi. Kwake kila kitu kinavaa nguo. Redio inavaa, televisheni inavaa, hata chupa ya chai. Kompyuta alikuwa ameishonea nguo nzito kuliko zote, ya mahameli, yenye pamba ndani. Iliifunika kompyuta mchana na usiku, ikifanya kazi au ikipumzika. Alikuwa ameacha wazi kioo na herufi tu, pamoja na tundu dogo la kuwashia na kuchomekea.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, alikuwa anamalizia mchoro wa harusi ya Mukarugwiza. Harusi ilikuwa Jumamosi. Kompyuta ikaanza kuvuma kwa nguvu. Ghafla kioo kikawa cheusi.

Nasrine akaiwasha. Baada ya dakika tano ikazima. Akaiwasha tena. Safari hii yalitokea maandishi ya Kiingereza ambayo hakuyaelewa, kisha giza.

Michoro mia tatu na zaidi ilikuwa mle ndani. Ilikuwa kazi ya miaka sita. Alijifunza kuchora kwa kompyuta akiwa na miaka arobaini na moja, huku watu wakimcheka. Na michoro hiyo haikuwa mahali pengine popote duniani.

Alimwita Evode, fundi wa simu wa karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani. Evode alifika baada ya nusu saa, akaiwasha kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mama Igihozo, usiogope. Hii ni virusi. Tunaiformater, inakuwa mupya."

"Kuformater ni nini?"

"Bon, ni kuisafisha ndani yote."

"Basi safisha, mwana wangu. Harusi iko samedi!"

Evode akachomeka flashi yake na kuanza kazi. Nasrine akampigia binti yake, ili tu apate mtu wa kumwambia hofu yake.

"Mama, umeamuka namna gani?"

"Vibaya, mutoto wangu. Kompyuta iko na virusi. Evode iko hapa, anaiformater."

"Nini?" Igihozo alipaza sauti. "Mama, kuformater ni kufuta! Michoro yote itaisha! Mwambie a..."

Simu ikakatika. Mpaka uko karibu, na mara nyingi simu za Majengo huruka zenyewe kwenye mtandao wa Goma, upande wa Kongo. Siku nyingine Nasrine angecheka. Siku hiyo hakucheka. Aligeuka, akaona kidole cha Evode kiko juu ya kibonye.

"Acha! Toa mukono!"

Alipiga kelele hata wapita njia wakasimama mlangoni. Evode akainua mikono yote miwili.

"Pole, Mama Igihozo. Mi nilifikiri uko na kopi."

"Kopi gani?" aliuliza Nasrine.

Evode akachomoa flashi yake. Nasrine akaelewa kwamba alikuwa amebakiza kidole kimoja tu kupoteza kila kitu, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema safisha.

Alitoka na simu mpaka barabarani, akaupata mtandao wake. Igihozo alipokea kwa video. Nasrine aliporudi ndani na simu, Igihozo alisema, "Nionyeshe kompyuta. Sogeza simu karibu. Mama, ile kitu imevaa ni nini?"

"Ni nguo yake. Nilishona mwenyewe, sababu ya vumbi."

"Na ikiwa inafanya kazi, unaitoa?"

"Wapi! Vumbi haipumzike."

"Ingiza mukono ndani ya nguo."

Nasrine akaingiza mkono, akautoa haraka. Kompyuta ilikuwa ya moto kama pasi.

"Sizani kama ni virusi," alisema Igihozo. "Inakosa hewa. Ikipata moto sana, inajizima isiungue. Izimeni, mutoe nguo. Evode, tafazali, ifungue, uitoe vumbi na burashi kavu. Halafu ipumzike saa moja."

"Na kama ikikataa kuwaka?" aliuliza Nasrine.

"Siwezi kukudanganya, mama. Inaweza kukataa."

Saa hiyo moja Nasrine hakukaa. Alipanga nyuzi, akazipangua. Akilini alimwona Mukarugwiza akienda kwenye harusi yake na nguo isiyo na ua hata moja. Aliwaona wale waliomcheka wakicheka upya. Saa ilipotimia, hakuthubutu kuiwasha. Evode ndiye aliyeiwasha.

Ikawaka. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Haikuzima. Nasrine akanyoosha mkono aendelee na mchoro wa harusi.

"Mama, ngoja," alisema Igihozo, aliyekuwa amepiga tena. "Kopi kwanza, harusi baadaye."

Evode aliweka programu inayomwezesha mtu wa mbali kuiona kompyuta na kuiendesha. Ilitokea namba.

"Nisomee hiyo namba. Lakini kumbuka, mama: namba hii unampa mutu ulimuita mwenyewe, na sauti yake unaijua. Mutu usiyemujua akikupigia, akisema niko naona virusi kwako, kata simu. Ni mwizi."

Nasrine akaisoma. Mara mshale kwenye kioo ukaanza kutembea bila kuguswa. Akaruka nyuma.

"Audhubillahi! Inatembea yenyewe!"

"Ni mi, mama. Ni mukono yangu, toka huku Nyagatare."

Nasrine akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Igihozo alinakili michoro yote kwenye flashi mpya, kisha akaipeleka kwenye intaneti, mahali panapofunguka kwa neno la siri.

"Flashi peke yake haitoshi?" aliuliza Nasrine.

"Mama, ile mwaka ya volkano, ardhi ilitetemeka, tukakimbia. Ulibeba nini?"

"Kurani na sufuria."

"Kompyuta ilibaki. Flashi ikikaa nayo nyumba moja, zinapotea pamoja. Flashi itakaa kwa dada yako, tante Munezero. Ile ya intaneti iko mbali, hata nyumba ikianguka utaipata. Sasa tufungue michoro, tuone kama zinafunguka."

Walifungua mchoro mmoja baada ya mwingine. Minne haikufunguka; ilikuwa imeharibika. Mmojawapo ulikuwa wa ndege, mchoro wa kwanza kabisa wa Nasrine. Alilia kwa ajili ya ndege yule. Igihozo akamwacha alie, kisha akaifunga ile programu ya mbali.

Mukarugwiza alivaa nguo yake Jumamosi. Tangu wiki hiyo, kila Ijumaa kabla ya swala, Nasrine ananakili michoro mipya kwenye flashi na kwenye intaneti, na kufungua miwili mitatu kuhakikisha. Kompyuta inavaa nguo ikiwa imezimwa na kupoa tu. Lakini hofu haikuisha. Kila kompyuta ilipovuma, mkono wake ulisimama.

Miezi mitano baadaye, mvua ikinyesha, radi ilipiga na umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta haikuwaka. Evode aliipima, akaweka bisibisi chini.

"Diski imekufa, Mama Igihozo. Hii hairudi."

Nasrine alikwenda mpaka kwenye kibanda cha Evode, akaketi mbele ya kompyuta ya Evode. Aliandika neno la siri. Likakataa. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja.

Michoro ikatokea. Alifungua mmoja. Alifungua kumi. Maua, nyota, majina ya maharusi, yote yalikuwa pale. Akampigia binti yake.

"Mama!" Igihozo alishtuka. "Saa hizi? Shida ni nini?"

"Shida haiko, mutoto wangu. Kompyuta imekufa. Nilitaka tu kukusalimia."