Wajina wa Mokeira

Ijumaa moja ya mwaka 1951 nilifunga mapema kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, jua likishukia kilima cha Nyanchwa, nikaenda dukani kwa Jaffer. Waliokutana nami njiani walidhani nafuata viraka vya tairi. Nilikuwa nafuata jina la mke wangu.

Sitazunguka. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kusema wazi nilizaliwa nako. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Jaffer aliuza vitambaa na vipuri vya baiskeli mjini Kisii, lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu. Mwaka uliotangulia mke wangu, Mokeira, alimpelekea mmoja ndani ya kiberiti. Alimpata siku siafu walipovamia banda letu la kuku. Mbawakawa mwembamba, mwekundu, mabawa mafupi kama koti la mdogo wake, mkia kaupinda juu kama nge. Alikuwa anatembea katikati ya siafu, nao hawamgusi. Jaffer alimtazama kwa kioo chake cha kukuzia mpaka chai ikapoa. Akasema huyu bado hajulikani duniani. Akaandika maelezo yake, kiungo kwa kiungo, akayatuma Ulaya pamoja na mdudu mwenyewe. Na kwa heshima, akampa jina la aliyemwona.

Sisi tulicheka. Mama yangu, Bitutu, hakucheka.

"Kwetu jina huachwa na marehemu, ndipo mtoto analichukua," alisema. "Hili mmeligawa mwenyewe akiwa hai. Huyo aliyelichukua atataka na mahali pake."

Sikumjali. Halafu Mokeira akashika mimba, na mimba ilipokuwa kubwa, jambo likaanza. Nikimwita, anaitika. Kisha kutoka migombani... anaitika tena.

Mwanzoni ni yeye tu aliyesikia, nami nikamfokea. Siku ya tatu nikasikia mwenyewe. Tangu hapo hakulala vizuri. "Baba Ogari, nenda ulirudishe jina langu," aliniambia asubuhi ile. "Kabla huyo mwingine hajafika."

"Lifute," nilimwambia Jaffer, hata salamu sijatoa.

"Nifute nini, fundi?"

"Jina. Mpe mdudu wako jina la mkeo."

"La Asli? Mwaka mzima amenuna kwamba sijampa hata inzi." Alicheka. Alipoona sicheki, akaacha. "Mogire, haliwezekani. Limeshachapwa."

Alitoa kijitabu chini ya meza, akaweka kidole. Nikasoma herufi moja moja. *Mokeirae*.

"Maana yake, wa Mokeira. Mkeo ana wajina sasa."

"Wachape kingine."

"Sheria ya wataalamu wa wadudu ni kwamba jina la kwanza halifutiki. Hata mimi niliyelitoa siwezi kulirudisha. Hata mdudu mwenyewe akiungua, jina linabaki."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amechomwa pini, sandukuni, huko Ulaya. Huyo ndiye mwenye jina. Wengine wote watalinganishwa na yeye."

Nilimshika kola. "Niambie jambo moja bila mafumbo. Kwa nini siafu hawamuumi?"

Jaffer alitazama mlangoni, akanong'ona.

"Siafu hawana macho, Mogire. Wananusa. Yeye anajipaka harufu yao, nao wanasema, huyu ni wetu. Wanamlisha kwa vinywa vyao wenyewe. Naye..."

"Naye nini?"

"Anakula watoto wao."

Nilimwachia. Nikapanda baiskeli.

Jua lilikuwa limezama. Kutoka kanisa la kilimani nilisikia wimbo wa kupokea Sabato. Mokeira alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa sufuria zake hushuka motoni jua likiwa bado linaonekana. Lakini nilipokaribia nyumbani, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilinipokea barabarani.

Nikaingia, nikafunga mlango. Mokeira alikuwa amechuchumaa mekoni, watoto wetu Ogari na Drusilla wamemwegemea. Nikainama karibu naye, nikamnusa. Moshi, maziwa, sabuni. Ni yeye.

"Sabato imeingia," nikasema.

"Watoto wana njaa," akajibu bila kugeuka.

Ndipo mlango ukagongwa. Polepole.

"Baba Ogari... nifungulie."

Sauti ya Mokeira.

"Nimetoka kanisani. Mbona mmefunga?"

Yule wa mekoni aliendelea kukoroga. Ogari akamkumbatia shingo. "Baba, usifungue," akanong'ona. "Mama yuko hapa."

Nikafungua.

Hapakuwa na mtu. Kizingitini siafu walikuwa wanapita, mstari mpana kama mkeka, wakielekea migombani. Walikuwa na mlio mdogo, kama punje za wimbi zinazomwagwa... zinazomwagwa... bila kuisha.

"Baba Ogari, wananivuta." Sasa sauti ilikuwa ndani ya migomba.

Nilikamata taa, nikakimbia. Siafu walinipanda mpaka mapajani. Sauti iliteremka kuelekea mtoni, ikizidi kuwa ndogo. Ndogo. Mwisho ikawa nyembamba kama ya mbu. Nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote.

Iliyoitika ilikuwa nyuma yangu, mlangoni, tulivu.

"Niko hapa. Njoo ule."

Nilitafuta hadi asubuhi. Majirani waliokuja kunisaidia walipewa chai na mke wangu, wakaniuliza natafuta nani. Mama yake alikuja kutoka Nyamache, akamkumbatia, akasema mimi ndiye mgonjwa. Mimba haikufika siku zake. Mke wangu akasema imeharibika, wanawake wakalia naye.

Yeye alinenepa. Drusilla alikonda. Mganga wa hospitali hakuona ugonjwa. Mtoto alizidi tu kuwa mwepesi, na mvua za masika zilipoanza, tukamzika.

Juzi nilifunga nguo za Ogari nimpeleke kwa bibi yake Nyamache. Nilimshika mkono. Ulikuwa mfupa mtupu. Akaniuma, akakimbilia mapajani mwa yule mwanamke, akauficha uso shingoni mwake, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Mwache, Baba Ogari," alisema, akimpapasa mgongo. "Hataki kwenda."

Nilisogea nimpokonye. Nikainama mpaka karibu na shingo ile. Nikavuta pumzi. Moshi, maziwa, sabuni.

Nikakaa chini, nikawaegemea.