Ndugu Asiyehesabiwa

Pasi ilikuwa baridi, lakini chumba kilinuka kitambaa kilichoungua. Fundi aliigusa kwa kiganja, akautazama waya uliochomolewa tangu asubuhi, akapekua nguo za wateja moja moja. Hakuna hata iliyobabuka. Akajisemea kwamba ni uchovu tu, maana mwenye mgonjwa hunusa hata visivyokuwepo, akarudi kwenye cherehani yake.

Mgonjwa alikuwa binti yake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kupenda kusema. Sasa alikuwa amelazwa hospitali na maneno yote yamemwisha. Daktari hakumung'unya maneno: mwili wa mtoto umeacha kutengeneza damu, na kilichobaki ni uboho wa mifupa ya ndugu unaolingana na wake. Wa Fundi ulipimwa, haukulingana. Baba wa mtoto alikuwa ameshafariki, na alikuwa mtoto wa pekee kwao.

"Tafuta ndugu, hata wa mbali," muuguzi alimwambia. "Siku hizi kuna tovuti za bure. Unajaza ukoo wako, zenyewe zinakutafutia wengine."

Watu husema rahisi ni ghali. Kuhusu cha bure hawakutuachia neno, na laiti wangetuachia.

Basi jana yake Fundi alikuwa ameketi na simu, akaupanga ukoo wake kwenye tovuti. Kila mtu alipewa kisanduku chake: jina, wazazi, na swali lisilokwepeka, yuko hai au amefariki. Akampigia Shangazi, dada wa marehemu baba yake, amtajie ndugu zao wa tumbo moja. Shangazi akawataja kama walivyotajwa siku zote: kaka mkubwa, dada aliyemfuata, wote walikufa bila mtoto, kisha kofi moja la paja, pa, kisha baba yake Fundi, kisha yeye mwenyewe. Kofi lile Fundi alilijua tangu utotoni. Baba yake naye alilipiga hapohapo, na watoto walilizoea wasiulize, kama wanavyozoea kikohozi cha mzee.

"Shangazi, hapo unapopiga ni pa nani?"

"Si pa mtu. Endelea."

"Ni mtoto aliyekufa?"

"Mwanangu, nimekwambia endelea."

Lakini tundu lisilo na kifungo humsumbua mshonaji kuliko shati zima. Tena Fundi aliwaza kwamba kama wakubwa walimficha mtu kwa aibu zao, huenda mtu huyo ana watoto, na mmoja wao ana uboho wa kumfaa Chiriku. Akafungua kisanduku kati ya yule dada na baba yake. Jina akaandika Hajulikani. Tovuti ikamwambia kwamba kama amefariki itataka na mwaka, na mwaka hakuwa nao. Akabonyeza yuko hai, ili mambo yaende.

Sasa, mguu ukiwa bado kwenye cherehani na harufu ile ikizidi kukolea, akasikia kutoka chumba cha Chiriku, chumba ambacho hakikuwa na mtu tangu mtoto alazwe, kofi la paja, pa, taratibu, kama la mtu aliyechoka kungoja. Akasimama, akasogeza pazia, akaona kitanda kitupu na shuka lililobonyea katikati, na lilipokuwa likiinuka polepole kama linavyoinuka mtu akiondoka juu yake, simu ikalia mkononi mwake, akaitazama, akaona kisanduku cha Hajulikani kimepata picha: mwanamke aliyeinamisha uso, amevaa gauni la maua ambalo Fundi mwenyewe alilikata jana na vipande vyake vilikuwa bado mezani, havijaunganishwa.

Shangazi alifika adhuhuri bila kuitwa. Mlangoni alisimama, akavuta pumzi puani.

"Umemhesabu," alinong'ona.

"Sikujua, Shangazi. Nilikuwa namtafutia mwanangu ndugu."

"Yule si ndugu, ni jini. Siku aliyotokea, mama yetu alizaa mtoto mmoja. Mkunga akageuka kunawa mikono, akarudi akakuta wawili kwenye khanga. Wa pili hakulia. Alikuwa akijipiga paja."

"Mkamlea?"

"Tungefanyaje? Lakini kila alipohesabiwa, mmoja wetu alipungua. Si kufa, mwanangu. Kufa kuna kaburi. Mimi nilikuwa na dada mwingine, najua kwa sababu viatu vyake vilibaki uvunguni. Jina lake silijui, wala sura. Mama alivishika viatu vile akaniuliza ni vya nani." Akafuta macho kwa upindo. "Mganga akatuambia, jini aliyejiingiza hutolewa, lakini mliyemhesabu ni wenu. Msimtaje. Zamu yake ikifika pigeni kofi la paja, akae chini. Akihesabiwa atataka nafasi, na nafasi haziongezeki."

"Atamtoa nani?"

"Huchagua mwenyewe. Lifute hilo jina sasa hivi."

Fundi aliifungua tovuti. Neno Futa lilikuwa pale, jekundu, na kidole chake kilikuwa juu yake muuguzi alipopiga.

"Mama Chiriku, Mungu mkubwa," muuguzi alisema. "Amekuja shangazi yako mmoja, ana gauni la maua. Tumempima. Uboho umelingana ajabu, kama wa pacha. Unakubali tuendelee?"

Nyuma ya sauti yake, taratibu, Fundi alisikia pa.

"Usikubali," Shangazi alinong'ona. "Nakuomba. Utajuta."

"Acha nijute nikiwa na mwanangu," Fundi alijibu. Akamwambia muuguzi ndiyo, akaiweka simu kifudifudi juu ya vipande vya gauni. Alimwogopa yule kiumbe kuliko kitu chochote alichopata kukiogopa, lakini alimpenda mtoto wake zaidi. Na mezani hapakuwa tena na vipande.

Chiriku alipona. Siku ya kumtoa hospitali Fundi alipita mlangoni, mlinzi hakumwangalia. Akamsalimia muuguzi, muuguzi akaendelea kukunja mashuka. Wodi ilinuka kitambaa kilichoungua. Chiriku alikuwa ameketi kitandani, mashavu yamejaa, akisema bila kumeza mate, na mwanamke wa gauni la maua akimsuka nywele. Kando yao Shangazi alishika kandambili za Fundi, akizigeuzageuza.

"Hizi nimezikuta nyumbani," alisema. "Ni za nani?"

Hakuna aliyejua.

"Haya, mdomo wako umerudi," muuguzi alimtania mtoto. "Kwenu mko nani na nani?"

"Tuko bibi," Chiriku alisema, kisha akajipiga paja, pa, "halafu mama," akamwegemea mwanamke yule, "halafu mimi."

"Chiriku," Fundi aliita. "Mwanangu, niko hapa."

Mtoto alilisugua paja lake, akaendelea kusimulia. Miguu ya Fundi ilikuwa imekunjika yenyewe, akajikuta ameketi sakafuni nyuma ya mlango. Alijaribu kuinuka. Muuguzi akacheka, akamwambia mtoto ataje tena.